Kuhamia Chennai kwa Kazi: Kumbukumbu za Januari hadi Machi 2025

Alhamisi, 2 Januari. Mombasa

Viza ya ajira ya India, ambayo hutambulishwa kwa herufi E, niliipata mwezi Desemba baada ya kuwasilisha maombi kwenye ofisi ya ubalozi wa India iliyopo hapa Mombasa. Wengi wameniuliza mkalimani wa Kiswahili ameipataje, kwa maana kwa kawaida serikali ya India haimpi viza hiyo mgeni atakayelipwa chini ya rupia 1,625,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa bei ya leo kinakaribia shilingi milioni mbili na nusu za Kenya. Kanuni hiyo, hata hivyo, imewasamehe watu wachache: wapishi wa vyakula vya kigeni, walimu wa lugha zisizo Kiingereza, wafasiri na wafanyakazi wa balozi. Mimi nimeingia kwa mlango wa wafasiri. Hospitali iliyoniajiri ipo Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu uliokuwa ukiitwa Madras hadi mwaka 1996, na kazi yangu ni kusimama kati ya madaktari na wagonjwa wanaotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi kufuata upasuaji wa moyo, matibabu ya saratani au kubadilishiwa figo.

Leo nimepanga hati zote katika jalada moja ambalo sitalitia kwenye sanduku la kupakiwa: mkataba wa ajira, vyeti vya shule na chuo pamoja na nakala zake, picha za pasipoti zenye usuli mweupe, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho cha mwisho kisidharauliwe hata kidogo. Msafiri anayeingia India akitokea Kenya bila cheti hicho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na chanjo yenyewe haihesabiki kuwa halali mpaka zipite siku kumi tangu kuchanjwa. Nimenunua pia kiunganishi cha plagi, kwa sababu plagi zetu zina vijiti bapa na matundu ya India ni ya mviringo.

Mamangu hakupinga safari, ila aliniuliza waziwazi kama mtu mweusi huishi kwa amani kule. Sikutaka kumdanganya. Nilimweleza habari ya kijana wa Kongo aliyepigwa mpaka akafa mjini Delhi mwezi Mei 2016 baada ya ugomvi wa kukodi tuktuk, na jinsi mabalozi wa nchi za Afrika walivyotaka sherehe za Siku ya Afrika ziahirishwe kwa ajili yake. Nilimweleza pia kwamba Chennai ipo kusini kabisa, mbali na Delhi, na kwamba wapo Waafrika wengi wanaosoma na kufanya kazi India na kurudi makwao salama. Akaniombea dua, tukaendelea kufunga mizigo.

Ijumaa, 3 Januari. Mombasa hadi Nairobi

Nimesafiri kwa treni ya Madaraka Express kutoka Miritini, nikalala kwa dada wa mama, Syokimau, karibu na kituo.

Jumapili, 5 Januari. Mumbai, kisha Chennai

Ndege ya kutoka Nairobi ilitua Mumbai. Kabla ya kufika kwa maafisa wa uhamiaji, abiria waliotoka Afrika walielekezwa kwanza kwenye meza ya afya, ambapo kijitabu cha manjano kilikaguliwa na kupigwa mhuri. Afisa wa uhamiaji alichukua alama za vidole na picha, akasoma barua ya mwajiri kwa utulivu, kisha akaniashiria maandishi yaliyo chini ya viza: mwenye viza hii sharti ajiandikishe katika siku 14 tangu kufika. Nilikuwa nimeyasoma nyumbani mara nyingi, lakini kuonyeshwa kwa kidole cha afisa ni jambo jingine.

Anayeendelea na safari ya ndani ya nchi ajue kwamba sanduku lake halipitilizi. Lazima alichukue Mumbai, apite nalo forodhani, ndipo alikabidhi tena kwa ndege ya pili, kwa hiyo muda kati ya ndege hizo mbili uwe wa kutosha. Nilikuwa nimejiachia saa tano na zote zilitumika. Kutoka Mumbai hadi Chennai ni mwendo wa takribani saa mbili angani, na nilipofika jioni nilikata tiketi ya teksi ya kulipia kabla, ndani ya kiwanja, ikanipeleka hadi nyumba ya wageni iliyo jirani na barabara ya Greams. Mtaa huu unaishi kwa ajili ya hospitali: maduka ya dawa, vyumba vya kukodi kwa siku, na migahawa yenye mabango ya Kibangla kwa ajili ya wagonjwa kutoka Bangladesh. Saa ya hapa ipo mbele ya ya kwetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayonisumbua kila ninapotaka kupiga simu nyumbani.

Jumatatu, 6 Januari

Nimekutana na afisa wa rasilimali watu, kijana mpole ambaye alichukua karatasi nyeupe akanichorea mpangilio wa hati. Naueleza kwa kirefu, kwa sababu ndani yake ndimo umo ukazi wote wa mgeni katika nchi hii.

Mwenye nyumba au hoteli inayompokea mgeni analazimika kisheria kupeleka taarifa iitwayo Fomu C kwa serikali ndani ya saa 24. Bila Fomu C, mgeni hawezi kujiandikisha kwenye ofisi ya usajili wa wageni, ijulikanayo kama FRRO. Bila kibali cha ukazi cha FRRO, benki haitamfungulia akaunti. Bila akaunti hakuna mahali pa kulipia mshahara, na bila mshahara unaoonekana benki si rahisi kupata mwenye nyumba atakayempangisha. Ukiufuata mnyororo huo kinyumenyume, unaishia mahali pamoja: anwani. Mgeni mwenye anwani iliyoandikwa na kuthibitishwa na mtu mwingine ana pa kuanzia, na asiye nayo hana, hata awe na fedha na elimu kiasi gani.

Kwa bahati nyumba ya wageni ilikuwa imekwisha kutuma Fomu C tangu jana usiku na ikanipa nakala. Maombi ya FRRO yenyewe hufanywa kwa mtandao tangu mwaka 2018. Zamani wageni wote wa mji huu walipanga foleni kwenye ofisi iliyopo Haddows Road, Nungambakkam, na sasa huitwa pale tu ikiwa kuna jambo la kuuliza. Nimepakia pasipoti, viza, picha, mkataba wa ajira na Fomu C, na nimebaki kusubiri.

Jumanne, 7 Januari

Laini ya simu. Duka lilitaka pasipoti, viza, picha, anwani ya hapa, na nambari ya simu ya mkazi wa Chennai anayenifahamu. Hicho cha mwisho kilinikwamisha, maana nilikuwa na siku mbili tu katika mji. Muuguzi mmoja wa wodi yetu, mwanamke kutoka Kerala ambaye tulikuwa tumesalimiana asubuhi tu, alikuwa ananunua dawa ya mswaki katika duka hilo hilo. Aliisikia shida, akasogea, akatoa nambari yake bila kuombwa. Wauguzi wengi wa hospitali za India wanatoka Kerala, na wengi wao wana jamaa waliokwenda kufanya kazi Ghuba. Alisema dada yake aliwahi kusimama hivyo hivyo katika duka la Muscat, akasaidiwa na mtu asiyemjua.

Alhamisi, 9 Januari hadi Jumamosi, 11 Januari

Kwa siku tatu hizi, baada ya kazi, nimezunguka na dalali kutafuta nyumba. Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea.

Nyumba ya kwanza, Nungambakkam, mwenyewe hakutaka mpangaji anayepika nyama. Hilo nililikubali bila kinyongo, kwa maana ni imani yake na jiko ni lake. Ya pili ilikuwa ya familia tu, na mwanamke asiye na mume wala wazazi wa kukaa naye hakuhesabiwa kuwa familia. Ya tatu, Royapettah, tulikubaliana kwa simu juu ya kodi, siku ya kuhamia na hata rangi ya kupaka ukuta, lakini nilipofika mlangoni mwenye nyumba alinitazama, akamwambia dalali kwa Kitamil kwamba imekwisha kuchukuliwa. Bango la kupangisha lilikuwa bado linaning'inia kwenye lango, na siku ya pili tulipopita lilikuwepo vile vile. Dalali, mzee mwenye heshima zake, aliinama akanyamaza njia nzima.

Jambo hili liliniuma sana, na sitalipamba. Ubaguzi wa rangi katika kupangisha nyumba upo India, na Mwafrika anayekuja ajiandae nao moyoni na katika bajeti, atenge fedha za kukaa nyumba ya wageni kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, dalali alinifungulia upande mwingine ambao sikuufikiria. Wenye nyumba wengi hawakatai rangi peke yake, bali wanaiogopa ile Fomu C. Anayempangisha mgeni anakuwa mtu wa kutoa taarifa kwa serikali na polisi, na asipoitoa anakabiliwa na sheria ya wageni. Mzee wa miaka sabini asiyejua kompyuta anaona ni heri nyumba ikae tupu. Kuanzia hapo nilibadilisha mwendo: kabla ya kutaja kodi, nilimwambia dalali aeleze kwamba ofisi yangu itajaza fomu hiyo pamoja na mwenye nyumba, mtandaoni, na kumwachia nakala iliyochapishwa.

Jumatatu, 13 Januari

Nimeamka na moshi. Leo ni Bhogi, siku ya kuchoma vitu vikuukuu katika mkesha wa Pongal, sikukuu ya mavuno, na alfajiri mitaa ilikuwa na mioto midogo ya mikeka, mabua na makasha. Ofisi nyingi za jimbo zitafungwa kuanzia kesho, kwa hiyo hakuna hati itakayosogea. Mgeni anayepanga kufika Chennai katikati ya Januari alijue hilo.

Jumanne, 14 Januari. Pongal

Mlinzi wa nyumba ya wageni na mkewe walitualika sote tuliokosa pa kwenda. Mchele mpya ulipikwa kwa maziwa na sukari guru katika chungu kilichofungwa mmea mbichi wa manjano shingoni, juu ya moto uliowashwa uani kuelekea mashariki, na maziwa yalipofurika kwenye ukingo watu wote walipaza sauti kwa furaha, kwa kuwa kufurika ndiko baraka yenyewe. Mbele ya mlango mke wa mlinzi alikuwa amechora kwa unga wa mchele maumbo ya kupendeza mno ambayo yalimchukua tangu kabla ya jua kuchomoza. Tuliketi pamoja mtu wa Bangladesh aliyemleta babake, mama wa Oman na mwanawe, na mimi, tukitafuna miwa. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na lugha moja na mwenzake kwa ukamilifu, na chakula kiligawiwa bila mtu kupungukiwa.

Jumapili, 19 Januari. Triplicane

Nimepata nyumba. Ipo Triplicane, mtaa wa zamani kati ya ufuo wa Marina na barabara kuu, ndani ya uchochoro ambao kwa upana wake na kwa baraza zake ungeweza kuwa Mji wa Kale wa Mombasa. Mwenye nyumba ni mama Mwislamu, mjane, anayeishi ghorofa ya chini na bintiye, na wapangaji wote humwita Amma. Alisikiliza maelezo ya Fomu C mpaka mwisho, akamwita bintiye ayasome kwenye simu, akauliza swali moja tu: nitapika samaki mara ngapi kwa wiki? Nilipojibu kwamba ikiwezekana kila siku, alicheka, akatoa funguo.

Kodi ni rupia 14,000 kwa mwezi, na rupia moja sasa inabadilishwa kwa takriban shilingi moja na nusu ya Kenya. Mazito ni amana. Desturi ya Chennai ni kudai kodi ya miezi sita hadi kumi kama amana, hivyo dalali alianza na laki moja na elfu arobaini. Sheria ya jimbo ya mwaka 2017 inataja miezi mitatu pale ambapo pande mbili hazikuafikiana vingine, na baada ya mazungumzo marefu tukakubaliana miezi mitano. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mkataba ni wa miezi kumi na mmoja, kama ilivyo desturi India nzima, kwa sababu sheria ya usajili ya mwaka 1908 inalazimisha kusajiliwa kwa upangaji unaozidi mwaka. Wetu tumeuandikisha vilevile kwa mamlaka ya upangaji ya jimbo, maana hati iliyoandikishwa ndiyo ambayo benki na FRRO huiamini.

Jumatatu, 20 Januari

Kibali cha ukazi kimefika kwa barua pepe, chenye picha yangu na anwani ya nyumba ya wageni. Jioni hiyo hiyo Amma, bintiye na mimi tulikaa sakafuni tukajaza Fomu C ya nyumba yake, na nikatuma FRRO taarifa ya kubadilisha makazi. Binti alifurahi kuliko sisi sote, akatunza nakala kwenye kabati pamoja na hati ya nyumba.

Jumatano, 22 Januari hadi Jumatano, 5 Februari

Wiki hizi zilikuwa za kodi na benki. Kila anayelipwa mshahara India anahitaji nambari ya kodi iitwayo PAN, yenye herufi na tarakimu kumi, na wageni huiomba kwa fomu yao wenyewe. Ilipotoka niliipeleka benki pamoja na pasipoti, kibali cha FRRO na mkataba wa nyumba, na akaunti ikafunguliwa.

Kilichobadilisha maisha yangu kuliko akaunti yenyewe ni UPI, mfumo wa malipo kwa simu ulioanzishwa mwaka 2016. Hakuna muuza chai, fundi viatu wala mwenye mkokoteni wa maua asiye na kibao cha msimbo wa kuchanganuliwa kwa kamera ya simu. Mtu wa Kenya aliyeizoea M-Pesa huielewa mara moja, lakini ipo tofauti ya msingi: fedha hazikai kwenye laini ya simu, zinatoka moja kwa moja katika akaunti ya benki ya mlipaji kuingia ya mlipwaji, na mtu akimtumia mwenzake hakatwi chochote. Ndiyo maana mgeni asiye na akaunti ya hapa anabaki na noti mkononi huku muuzaji akikosa chenji. Wenyeji wengi huiwasha kwa nambari yao ya utambulisho ya Aadhaar, ila asiye nayo anaweza kutumia tarakimu za kadi ya benki, na ndivyo nilivyofanya.

Jumamosi, 8 Februari

Jiko. Mtungi wa kawaida wa gesi ya nyumbani ni wa kilo 14.2, na kuupata kwahitaji kuandikishwa na uthibitisho wa anwani ambao mgeni mpya huhangaika nao. Ule mdogo wa kilo 5 huuzwa kwa kitambulisho tu, na kwa mtu mmoja unatosha. Maji ya kunywa huletwa mlangoni katika madumu ya lita 20. Bili ya umeme huja kila baada ya miezi miwili na yuniti 100 za mwanzo hazilipiwi, huruma ya serikali ya jimbo ambayo mpangaji ahakikishe imeandikwa katika mkataba wake ili asije akatozwa yuniti zote kwa bei ya kubuni.

Mboga nanunua Zam Bazaar. Samaki nawafuata kwa miguu katika soko la Nochikuppam, kando ya ufuo, ambapo wanawake wa jamii ya wavuvi ndio wauzaji na ndio wenye kauli ya mwisho juu ya bei. Nilimkuta nguru amelazwa kwenye barafu, mkubwa, mwenye macho maangavu ya ubichi wake, na nilimpika kwa tui na ukwaju kama tulivyozoea. Amma alionja, akasema kwao huongezwa majani ya mchuzi na pilipili iliyosagwa, na jumapili iliyofuata akanionyesha. Nazi, mchele, ukwaju na samaki: pwani hizi mbili hazikupewa vitu tofauti sana, na hilo limenipunguzia ugeni kuliko nilivyotarajia. Asubuhi nakula idli, ambazo ni kama vitumbua vya mvuke visivyo na sukari, pamoja na chatini ya nazi.

Kwenda kazini napanda basi. Kuanzia mwaka 2021 wanawake husafiri bure katika mabasi ya kawaida ya mji, ambayo mengi yamepakwa rangi ya waridi, na kondakta hunikatia tiketi isiyo na malipo bila kuniuliza nimetoka wapi.

Jumanne, 18 Februari

Kazi sasa imenikolea. Leo nilikuwa na mzee kutoka pwani ya Tanzania, aliyekuja na bintiye kwa ajili ya moyo. Viza ya matibabu inamruhusu mgonjwa kufuatana na wasaidizi hadi wawili, lakini wao waliweza kulipia nauli ya mmoja tu.

"Shikamoo, babu," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Ah! Tumepata mtu."

Daktari alieleza mshipa ulioziba, upasuaji, hatari zake na muda wa kupona, nami nikavipeleka kwa mzee kimoja kimoja, nikimrudishia daktari kila swali bila kulipunguza, kwa sababu sahihi anayoiweka mgonjwa kwenye fomu ya ridhaa lazima iwe ya mtu aliyeelewa. Baada ya hapo yakaja maswali ambayo hayamo katika mkataba wangu. Laini ya simu itapatikana wapi? Msikiti upo umbali gani? Nyumba ya wageni imetaka pasipoti zetu, je, tuwaachie? Yote haya niliweza kuyajibu kwa kuwa nimeyapitia mwenyewe: wape nakala kwa ajili ya Fomu C, pasipoti yenyewe mrudi nayo. Mzee alikuwa hajala vizuri tangu afike, anatamani uji. Tamil Nadu ni nchi ya wimbi, ambalo hapa huitwa ragi na unga wake upo katika kila duka. Niliuliza kwanza kwa mtaalamu wa lishe wa wodi, akaruhusu, na binti akapika uji katika jiko la nyumba ya wageni.

Ijumaa, 28 Februari

Nimepokea mshahara wa kwanza uliopita katika akaunti yangu, na katika hati yake kuna makato ya asilimia 12 yanayokwenda kwenye mfuko wa akiba wa wafanyakazi, EPF. Tangu mwaka 2008 mfanyakazi mgeni anakatwa kwa mshahara wake wote, na kama nchi yake haina mkataba wa hifadhi ya jamii na India, nayo Kenya haina, kwa kawaida hawezi kuichukua akiba hiyo anapoondoka: itamngoja mpaka afikishe miaka 58. Anayejadiliana mshahara na mwajiri wa India afanye hesabu zake akiwa ameondoa fedha hizo. Naona ni kanuni ngumu kwa mtu anayekuja kwa miaka miwili mitatu, na nchi zetu zingefanya vyema kuijadili na India kwa niaba ya watu wao.

Jumapili, 2 Machi. Ramadhani ya kwanza

Mwezi ulionekana jana. Alasiri watoto wa uchochoro wetu walibeba sufuria na ndoo ndogo kwenda msikitini kuchukua uji wa mchele na dengu ambao Waislamu wa Kitamil hufuturu nao, na serikali ya jimbo hutoa mchele kwa misikiti kila mwaka kwa ajili hiyo. Binti wa Amma aliniletea bakuli kabla sijauliza. Katika Msikiti wa Wallajah, uliojengwa mwaka 1795 na upo mwendo mfupi kutoka hapa, futari za umati huandaliwa na Wahindu wenye asili ya Sindh wanaotoka katika hekalu la Sufidar, Mylapore, na wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Niliwaona kwa mbali wakishusha masufuria, na nilijawa na heshima kwao.

Jumatatu, 31 Machi. Idd

Tumesherehekea kwa biriani ya Amma na mahamri yangu. Muuguzi wa Kerala alikuja na watoto wake. Joto limeanza kupanda, na wenyeji wanasema Mei ndiyo itakayonifunza, kwa kuwa siku nyingine hupita nyuzi 40. Muuza samaki wangu naye amenitahadharisha kwamba kuanzia 15 Aprili hadi 14 Juni mashua za injini huzuiwa kuvua katika pwani hii ili samaki wazaliane, kwa hiyo nguru atapanda bei.

Hati zilizobaki ni mbili. Mgeni mwenye kibali anaweza kuomba Aadhaar baada ya kukaa siku 182 ndani ya miezi kumi na miwili, hivyo zamu yangu itafika mwanzoni mwa Julai. Ya pili ni kuongeza viza, ambayo muda wake unakwisha mwezi Desemba, mwezi ule ule ambao mkataba wa nyumba nao unakoma. Maombi ya kuongeza viza yanahitaji anwani iliyo hai, kwa hiyo nimemwomba Amma tuandike mkataba mpya mwezi Novemba badala ya kungoja. Amekubali, kwa kodi ile ile, na bintiye amekwisha kuandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.